Mfuniko Uliochukuliwa na Bustani

Usiku wa jana niliota, jambo lisilonipata mara nyingi, kwa sababu mimi nikilala huwa nimechoka kweli. Mimi ni msimamizi wa kikundi cha kujitolea cha bustani ya mtaa wetu hapa Same, na mtu anayesimamia watu wasiolipwa hana nguvu za kuota. Akifumba macho anaona reki, akifumbua anaona reki.

Basi niliota niko jikoni kwangu napika wali wa baba. Maji yanakaribia kukauka, nimepunguza moto, nimefunika, na baragumu likalia.

Kwa asiyetoka kwetu Upare, kazi ya pamoja tunaiita msaragambo. Zamani baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu, wa kuzibua mfereji, wa kubeba mawe, wa kutengeneza njia. Nyumba isiyotoa mtu inapitiwa. Wanaingia, wanachukua kitu, jembe au chungu au kuku, na kitu hicho hakirudi mpaka mwenye nyumba aje mwenyewe afanye kazi. Siku hizi hapa mjini hakuna baragumu. Mimi natuma ujumbe kwenye simu, wananijibu kwa picha ya dole gumba, kisha hawaji.

Kwa hiyo sikushtuka. Mimi ndiye ninayewaita wengine, sikuona kwa nini nami niitwe. Nikaendelea kuosha mwiko.

Hodi ikapigwa, lakini baada ya mgeni kuingia. Alikuwa ni toroli la bustani, lile la bluu ambalo gurudumu lake linalia. Lilisimama katikati ya jiko langu, likaangalia darini, likaangalia kabatini.

"Nyumba hii haijatoa mtu," likasema.

Nikaliambia limekosea nyumba. Mimi ndiye Naetwe, niko bustanini kila Jumamosi kabla jua halijatoka, wengine wakifika mimi nimeshafagia, wakiondoka mimi bado namwagilia.

"Umeonekana ukipita," likasema toroli. "Kazi hujafanya."

Likainua mfuniko kutoka kwenye wali. Ule mfuniko nikiuona popote nitaujua, maana kishikio chake kilikatika nikakiwekea kizibo cha chupa. Likauweka tumboni mwake na kutoka nje, gurudumu likilia njia nzima. Nimesema mara ngapi gurudumu lile litiwe grisi.

Nikatoka kulifuata. Mpishi anajua kwamba wali uliofunuliwa wakati huo unabaki na kiini, na baba hana tena meno ya kutafuna kiini. Nikafungua mlango wa jikoni niingie uani, na ua haupo. Kuna bustani, mchana, jua kali.

Mabango yale niliyaandika mwenyewe wiki iliyopita kwa rangi nyeupe, na sasa yanatekelezwa. Chini ya bango la WATOTO WAANGALIWE, watu wazima wa mtaa mzima wamemzunguka mtoto mmoja anayekula muwa. Wanamwangalia, hakuna anayepepesa jicho. Mtoto mwenyewe anaonekana amezoea.

Penye bango la USIKANYAGE NYASI, mwanamke mmoja anavuka kwa kutumia viti viwili. Anasimama juu ya kimoja, anakichukua cha nyuma, anakiweka mbele, anahamia. Nyasi zimekaa kikao zikijadili kama miguu ya kiti inahesabika kuwa ni miguu.

Bango la BUSTANI HII NI MALI YA WOTE ndilo lililonitia wasiwasi. Watu walikuwa wamekuja kuchukua sehemu zao. Jirani yangu anaondoka na kamba moja ya bembea. Mwingine amekikunja kivuli cha mwarobaini, amekitia kwapani, na ananisalimia vizuri tu. Mwarobaini wenyewe umebaki juani na aibu yake.

Ningependa kuyaweka sawa hayo yote, ni kazi yangu, lakini wali uko motoni. Nikapita katikati yao nikilitafuta toroli.

Nililikuta karibu na bomba, limekaa mbele ya wenzangu wa kikundi. Wote walikuwa wameketi chini, jasho likiwatoka. Sekiete, aliyestaafu kuendesha greda na mwenye nguvu kuliko sisi sote, alikuwa amekaa mpaka mikono inamtetemeka. Akaniambia, dada, ni kazi ngumu lakini mwili unazoea.

Nikauliza kazi gani.

"Kazi ya leo ni kukaa," likasema toroli. "Sehemu yako ni ile pale."

Likaelekeza mkono wake mmoja kwenye benchi la baba.

Hapa inabidi nieleze habari ya benchi, kwa sababu hii si ya ndotoni. Benchi hilo lipo. Ni la zege, lilijengwa kwa msaragambo wakati mtaa wetu una nyumba za kuhesabika, na mama yangu, marehemu Nanzia, ndiye aliyekuwa akichota maji ya kuchanganyia. Mguu mmoja wa benchi ulizama ardhini kabla zege halijakauka vizuri, na hakuna aliyejisumbua kuuinua. Kwa hiyo limeinama. Ukikaa upande wa juu unateleza taratibu, utake usitake, mpaka unamgusa aliyekaa upande wa chini. Baba na mama walikuwa wakienda kukaa hapo jioni. Mama anakaa juu, baba chini, na baada ya muda wanakuwa wamebanana upande mmoja kana kwamba nafasi imekwisha. Sisi watoto tulikuwa tunaona haya.

Tangu mama afariki, baba anakwenda peke yake na redio yake ndogo. Anakaa upande wa chini. Upande wa juu hauwekei kitu, hata kofia.

Mimi nimechora njia ya vitofali itakayotoka getini mpaka kwenye bomba, imenyooka, na benchi liko katikati ya njia hiyo. Kwenye kikao cha Alhamisi tukakubaliana livunjwe Jumamosi. Mimi ndiye niliyetoa hoja. Sekiete akaniletea nyundo yake kubwa, ikawa imeegemea nyuma ya mlango wangu. Nikamweleza baba wakati wa chakula, nikamwambia tutaweka mabenchi mapya karibu na geti, yaliyonyooka. Baba akasema sawa, akaomba chumvi. Na mimi ile sawa nikaichukua kuwa ni sawa.

Sasa turudi ndotoni.

Toroli likanisomea masharti. Nikae kwenye benchi mpaka baragumu lilie tena. Nikikaa mpaka mwisho, mfuniko wangu unarudi. Nikiinuka kabla, nyumba yangu inapitiwa tena. Na chochote ambacho hakijakombolewa mpaka baragumu linalia kinaingia kwenye zege la njia.

Nikasema ni rahisi. Nikakaa.

Nimekaa. Nimeweka mikono mapajani. Naangalia mbele kama watu wanaokaa wanavyoangalia. Kwenye ua wa michongoma kuna mfuko wa plastiki umenasa, unapepea. Mtu yeyote angeweza kuutoa. Unapepea upande huu, unapepea upande ule. Wenzangu wote wanauona na hakuna anayejali, wameshughulika na kukaa. Nikainuka, nikautoa, nikaukunja, nikarudi haraka kabla mtu hajaona.

Toroli lilikuwa linapita na pazia la chumbani kwangu.

Nikaliambia ile haikuwa kuinuka, ilikuwa dakika tu. Nikaomba nipewe kazi nyingine badala yake. Nitapanda miti mpaka kwenye barabara kuu. Nitafukua mfereji wote kwa mikono. Nitapaka chokaa kila jiwe, hata yale yaliyoko mlimani.

"Hizo ni za kusimama," likasema toroli. "Za kusimama tunazo nyingi."

Nikageuka kukaa, na benchi limekuwa la zahanati. Ni lile refu la wagonjwa, ambalo anayekaribia mlango akiingia kwa daktari kila mtu anasogea nafasi moja. Watu wanasogea, nami nasogea. Bwana mmoja mwenye shavu lililovimba ananiambia kwa upole kwamba foleni hii haifiki kwa daktari, inasogea tu. Tunasogea. Ukuta unasogea nasi. Mbele naona mwanamke aliyekuja juzi yuko nyuma ya mtu aliyekuja leo, na mwingine ameweka kandambili zake zimshikie nafasi, na kandambili zinapiga soga na kusahau kusogea. Foleni mbaya mimi siwezi kuivumilia, ni ugonjwa wangu. Nikasimama kuwapanga.

Nilipomaliza kuwapanga hapakuwa na mtu. Nilikuwa bustanini, na Sekiete alikuwa amemaliza zamu yake ya kukaa, sasa anachanganya zege kwa koleo. Njia yangu ilikuwa imeshachimbwa, imenyooka sana, kuanzia getini mpaka bombani. Ilikuwa nzuri, na nilifurahi kuiona, kisha nikaona kilichomo ndani ya toroli.

Baba alikuwa amekaa humo. Amevaa kofia yake, ameshika redio, magoti yamekunjika kwa sababu toroli ni dogo. Hakuwa na wasiwasi. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, na yeye anasikiliza kama kuna anayemfahamu.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo macho yakiwa wazi.

"Sekiete," nikasema, "huyo ni baba yangu."

"Namfahamu mzee, shikamoo yake nimeshaitoa," akasema Sekiete, koleo haliachi kuzunguka. "Lakini ni maamuzi ya kikao, dada. Hoja uliitoa mwenyewe."

Nikakimbilia toroli. Kadiri ninavyokimbia, nyasi zinaniuliza nakanyaga kwa idhini ya nani, na bustani inazidi kuwa ndefu. Inapita nyuma ya soko, inapita uwanja wa shule yangu ya msingi, mwalimu wa zamu ananiambia nitie shati ndani. Natia shati ndani na kuendelea kukimbia. Mwisho nikafika, na nilikofika ni kwenye benchi.

Benchi likakohoa vumbi. Lilikuwa na sauti ya mtu aliyekaliwa muda mrefu na hana kinyongo.

"Kaa," likasema.

Nikaliambia sina muda wa kukaa, baba yangu anatiwa kwenye zege.

"Ndiyo maana nakwambia kaa. Kaa huku juu."

Nikakaa upande wa juu. Nikakanyaga chini kwa nguvu nisiteleze, kama nilivyozoea kufanya kila ninapokwenda kumwita baba chakula, nakaa nusu, nasema inuka tule, na visigino vyangu vimeng'ang'ania mchanga.

"Inua miguu," likasema benchi.

Nikainua. Nikaanza kuteleza.

Ni benchi la watu wawili tu, watatu wakibanana, lakini nilivyoteleza ilichukua mchana mzima. Naona jua linahama. Mfuko mwingine wa plastiki umenasa kwenye michongoma na sijauinukia, vidole vinaniwasha. Bomba linavuja na sijaliinukia. Mtu kaweka reki meno juu, mtu atakuja kuikanyaga, na bado nimekaa, nauma mdomo.

Katikati ya kuteleza huko, mama akapita. Alikuwa na ndoo ya maji kichwani na kanga ya zamani, ile ya kijani. Alikuwa na haraka, na haraka yake niliijua mara moja, kwa sababu ndiyo niliyo nayo mimi.

"Naetwe," akasema bila kusimama, "wali umeufunika?"

"Mfuniko umechukuliwa, mama."

Akafikiri kidogo, maji yakicheza kwenye ndoo.

"Basi kaa, watakurudishia," akasema, akaenda zake kwenye zege.

Nilitaka kumfuata. Nilikuwa na mengi ya kumuuliza na alikuwa ameshanipa mgongo. Sikuinuka. Nilikaa nikilia, huku nateleza, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya kwenye bustani ile.

Nikafika mwisho wa chini. Bega langu lilitakiwa ligonge bega la baba, lakini pale palikuwa na kofia yake tu. Nikatazama mbele. Toroli lilikuwa kwenye ukingo wa njia, mikono yake imeinuliwa, limeanza kuinama. Baba anateleza humo ndani taratibu, redio mkononi, ananiangalia. Hakuniita. Alininyooshea kiganja kuelekea chini, kama mtu anavyomwambia mgeni asisumbuke kuinuka.

Nilijua baragumu liko karibu, nilikuwa nasikia mpulizaji anavuta pumzi. Ilibaki kukaa kidogo tu.

Nikainuka.

Nikasikia zege likimwagika.

Nilipoamka nilikuwa nimeshasimama kando ya kitanda, jasho linanitoka, asubuhi ya Jumamosi imeingia dirishani. Pazia lilikuwa mahali pake. Nikatoka mbio mpaka barazani. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake anapangusa vumbi kwenye viatu, kofia kichwani. Nikamshika bega, nikalibonyeza. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema siumwi, nikamwamkia, akaitikia, nikaenda jikoni kumpashia kiporo cha wali moto ili nipate la kufanya.

Sufuria ilikuwa wazi.

Nikatazama darini na kabatini. Nikatazama chini ya meza, nyuma ya mtungi wa gesi, kwenye beseni la vyombo ambalo nililiacha tupu usiku. Juu ya wali pamekauka, kama wali uliolala bila kufunikwa. Na mimi nilikuwa nimeufunika, kwa mkono wangu, nikabonyeza kizibo kama ninavyobonyeza kila siku kabla ya kulala.

Nikamuuliza baba kwa kupaza sauti kama ameuona mfuniko.

"Ule wa kizibo?" akasema kutoka barazani. "Uko bustanini. Uko kwenye benchi, upande wa juu. Nimeuona alfajiri nilipokwenda kuliaga."

Nikatoka na mwiko mkononi. Alikuwa bado anapangusa kiatu kilekile, na kitambaa kilikuwa hakina tena cha kupangusa. Nikarudia neno hilo, kuliaga, na yeye hakulirudia. Nikamuuliza kwa nini basi hakuuchukua, ilhali amepita na kuukuta mfuniko wa jikoni kwake umelala nje.

"Nilitaka," baba akasema. "Wakasema aje mwenye nyumba mwenyewe."

"Nani wamesema?"

Akaanza kuitafuta redio yake, iliyokuwa mapajani mwake.

Getini Sekiete alikuwa anapiga hodi, amekuja kuchukua nyundo, na nyuma yake nilisikia wenzetu wanateremka na makoleo. Nikamwambia nyundo aiache ilipo, leo kuna kazi nyingine, nitawaeleza huko huko. Akaniuliza kazi gani. Nikavaa kandambili, nikamshika baba mkono, tukaenda kukaa.